Anashona-shona Tu

Fundi alilisikia neno hilo akiwa nyuma ya pazia, sinia la chai mikononi, mguu mmoja umeshatangulia kuingia sebuleni.

Wageni walikuwa wawili, bosi mpya wa mumewe na mke wake. Walikuja Jumapili alasiri, wakakaribishwa kwenye kochi ambalo nusu saa kabla lilikuwa limejaa sare za shule zisizo na vifungo. Fundi alizibeba zote kwa mikumbatio miwili akazitupa kitandani, akafagia vipande vya nyuzi, akaifunika cherehani yake kwa shuka jeupe kana kwamba ni ndugu asiyefaa kuonwa na wageni, kisha akaenda kuchemsha chai. Huko nyuma yule mama mgeni, mwenye viatu vyekundu vya kisigino, akauliza mama wa nyumba anafanya kazi gani. Lilikuwa swali la kupitisha muda tu.

"Aa, huyu yuko nyumbani," mumewe akajibu, akijichekea. "Anashona-shona tu."

Wageni wakacheka. Na mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, naye akacheka, tena kuliko wote.

Sisi wenye lugha hii tunajua uzito wa jambo hilo. Kushona ni kazi ya mtu. Kushona-shona ni mchezo wa mtu asiye na kazi. Ukisema fulani analima, umempa jembe lake na shamba lake; ukisema analima-lima, umemnyang'anya vyote viwili. Neno ni lile lile, limetamkwa mara mbili tu, na kadiri linavyoongezeka mdomoni ndivyo mtu anavyopungua.

Naye Fundi alikuwa ameshona miaka yote kumi na mmoja ya ndoa yao. Uchungu wa kumzaa binti yao ulimkuta kwenye cherehani, akamalizia pindo kwanza ndipo akaita watu. Koti alilovaa mumewe siku ya kwenda kuomba kazi lilitoka mikononi mwake. Majoho thelathini na mawili ya kwaya, kola zake nyeupe na mikono yake mipana, aliyakata yeye, akayashona yeye, akayapiga pasi yeye. Kila jioni miguu ilimvimba hadi vifundo vikaonekana kama ameviazima kwa mtu mwingine.

Sinia halikutikisika. Aliingia, akatabasamu, akawamiminia wageni vikombe vikajaa vizuri. Alipofika kwa mumewe akaacha katikati.

"Mbona nusu?" mumewe akauliza kwa utani.

"Nimemimina-mimina tu," akasema Fundi, akarudi jikoni.

Mumewe akacheka. Hakujua kwamba vita vimeshatangazwa.

Mtaa mzima ulimwita mume yule Mwalimu, ingawa hakuna alichowahi kufundisha ila sauti. Mchana alitunza stoo ya hospitali. Jioni tatu za wiki na kila Jumapili aliongoza kwaya. Alikuwa mtu mpole, mpenda watu, na hilo ndilo lililomchoma mkewe zaidi. Mume mkorofi angemtukana waziwazi, majirani wangemhurumia, angepata pa kulilia. Huyu wake alimtukana akitabasamu, kama mtu anayekukanyaga kidole cha mguu huku anakuuliza habari za nyumbani.

Jioni ile, kabla ya chakula, Fundi aliongoza sala kama kawaida ya nyumba yao. Walishikana mikono wote wanne: yeye, Mwalimu, mama mkwe, na binti yao wa miaka minane, ambaye tangu aanze kusema alirudia kila alichosikia hata akabatizwa jina la Kasuku. Fundi alisali vizuri, akaomba chakula cha kila siku, halafu alipofika pale pa kusamehe waliotukosea, ulimi ukakataa. Akaingia moja kwa moja kwenye majaribu.

"Mama," Kasuku akasema kabla amina haijapoa, "umeruka pale pa kusamehe."

"Sijaruka. Nimepita pembeni."

Baadaye, akiosha vyombo, alizungumza na Mungu wake peke yake, maana alikuwa na desturi ya kumweleza mambo bila kuyapamba. Alimwambia kwamba anajua kisasi ni cha Bwana, imeandikwa na ameisoma. Lakini Bwana ana mengi, dunia nzima inamlilia, na hiki kisasi chenyewe ni kidogo. Akamwomba amwachie yeye mja wake akishughulikie.

Akaanza kesho yake. Jumatatu alipika-pika. Wali ulifika mezani chini umeungua, juu mbichi, katikati uji. Mama mkwe na Kasuku walipikiwa chungu chao pembeni, maana Fundi hakuwa na ugomvi na mtoto, na mama mkwe alikuwa na meno manne, mawili kati yake hayaelewani. Mwalimu akatafuna kwa muda mrefu, akauliza kama mchele umebadilishwa duka.

"Mchele ni ule ule," Kasuku akamjibu. "Mama amesema leo anapika-pika."

Jumanne alifua-fua. Suruali ya kazini ilianikwa na sabuni yake, ikakauka ikasimama yenyewe kama mlinzi wa lango. Mwalimu aliivaa hivyo hivyo, akashinda stoo akijikuna, na wenzake wakamuuliza kama amelala kwenye nyasi. Fundi alipiga pasi mkono mmoja wa shati akauacha wa pili. Mumewe alipomsalimu alijibu salamu nusu. Hakununa, hakupaza sauti, hakurudi kwao. Alitenda kila kitu mpaka katikati, na hapo katikati akakiacha.

Na jinsi alivyochoka wiki ile, kufanya kazi nusu kulikuwa kama likizo. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zimejaa mpaka juu ya kabati, mgongo umekuwa kama ubao. Wakati mwingine alijikuta akicheka peke yake kwenye cherehani, kisha katikati ya kicheko anafuta macho kwa pindo la sare. Angekuwa tayari kusahau wali na suruali na yote, kama tu mtu yule angekuja, akasimama mbele yake, akalitaja lile neno kwa jina lake. Hilo tu. Lakini Mwalimu alimzunguka kama anavyozunguka mtu dimbwi, akitafuta pa kuvukia bila kulowana.

Lilibaki koti.

Jumapili iliyofuata kwaya ilikuwa inatimiza miaka ishirini. Makanisa mawili ya jirani yalialikwa na kwaya zao, na yule bosi na mkewe walikuwa wamekubali kuja. Mwalimu ndiye angeziongoza kwaya zote tatu kwa pamoja. Wiki mbili nyuma alileta kitambaa cha rangi ya majivu, akakipakata kama mtoto, akasema anataka koti la kuinulia mikono. Hilo si koti la kawaida. Mwongoza kwaya akivaa koti la mtu wa ofisini, akinyanyua mkono, koti lote linapanda hadi masikioni. Linatakiwa kipande cha pembe nne kwapani, kimekatwa kwa mlalo, kiachie bega liende juu bila kuvuta mgongo. Mafundi wengi hawakijui. Fundi alikijua kwa sababu alikibuni mwenyewe, kwa kumtazama mume huyu akiimbisha miaka nenda rudi, naye akiwa benchi la tatu, macho hayabanduki mabegani kwake.

Jumatano jioni alimsimamisha katikati ya chumba ampime. Alijaza pini tano mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hana lazima ya kuongea. Akapitisha futi kifuani, akaikutanisha mgongoni, mikono yake ikamzunguka mumewe kama ilivyozoea, na pua yake ikakutana na ile harufu ya sabuni na karatasi za stoo ambayo kwa miaka kumi na mmoja ilikuwa ndiyo harufu ya kurudi nyumbani. Moyo wa Mwalimu ulikuwa unakwenda mbio. Aliusikia chini ya futi. Wake pia, msaliti mkubwa, ulikuwa unakwenda mbio.

"Mama Kasuku," Mwalimu akasema polepole, akimtazama kwa juu. "Kama nimekukosea mahali, niambie."

Fundi alitoa pini moja mdomoni, akaichomeka begani kwenye kitambaa, akatoa ya pili. Macho yao yakakutana. Alikuwa na macho mazuri, mume yule, hata alipokuwa mwoga. Kwa kitambo kidogo Fundi akawa karibu kuzitema pini zote na kuuegemea ule moyo. Lakini lile neno "kama" lilikuwa limeshamfika. Kama. Kana kwamba kosa ni tetesi za sokoni, huenda zikawa za kweli huenda zisiwe. Na tena, zamani alimwita Fundi Wangu. Tangu lini amekuwa Mama Kasuku?

"Inua mikono," akamwambia. Mwalimu akainua. "Shusha. Nimemaliza."

Na pale pale akajua koti lile atalishonaje.

Sasa, ili uelewe alichokusudia, lazima nikurudishe nyuma kidogo. Siku walipojuana, Mwalimu alikuwa kijana mwembamba aliyeleta suruali ipunguzwe, akasema atasubiri. Alisubiri suruali ile siku tatu, kila siku akija na kukaa kwenye kigoda. Kwa kuwa hakuwa na la kuongea, Fundi akampa kazi ya kushika kitambaa, na akiwa anashika akamfundisha. Alimwonyesha bandi, ule mshono wa mkono wa kushikiza nguo kwa muda kabla haijaingia cherehanini. Bandi, akamwambia, mishono yake ni mirefu kama punje za mchele, na mwisho haifungwi fundo, ili ukitaka kuitoa uvute uzi mara moja utoke wote. Mshono wa cherehani ni punje za ulezi, umekaza, haung'oki ila kwa kupasua.

Kijana akawaza, akipitisha kidole gumba juu ya mishono. "Kwa hiyo bandi ni uchumba," akasema, "na cherehani ni ndoa."

Fundi alicheka hadi sindano ikamchoma. Siku ya nne suruali ilikuwa tayari na kijana akaja tena. Mama yake alipopata habari alikataa kabisa, akasema hakumsomesha mwanawe aje aoe cherehani. Wakakaa mwaka mzima wakipelekeana salamu kupitia pindo na vifungo, hadi mama akachoka kukataa.

Koti la miaka ishirini ya kwaya, basi, lilishonwa lote kwa bandi. Mgongo, mabega, mikono, na kile kipande cha kwapani. Alitumia uzi wa rangi ile ile ya majivu, akaufunika kwa bitana nzuri, akalipiga pasi likakaa kama la dukani. Mtu akilivaa akakaa kimya lingemtunza hata mwezi. Mtu akilivaa akainua mikono mbele ya kwaya tatu na bosi wake, alikuwa na nyimbo mbili, pengine na nusu.

Anashona-shona. Haya, ameshona-shona.

Jumamosi mchana koti lilikuwa limening'inizwa mlangoni. Mama mkwe akaja kuomba atungiwe uzi sindanoni, akasimama mbele ya koti, akalipapasa. Vidole vyake vilikuwa vizee lakini havikuwa vipofu. Vilifika begani vikasita.

"Mwanangu," akasema, "mkono huu utafika kesho jioni?"

Fundi hakusimamisha cherehani. "Utafika utakapofika, mama."

Mama mkwe akavuta kigoda akakaa. Akasema tangu Jumatatu anaona mambo ya nyumba hii yanatendwa nusunusu, na yeye anapewa chungu chake kama mgonjwa, na hakuna anayemwambia kitu kwa sababu wanadhani mtu akizeeka hahitaji habari. Hapo Fundi akasimamisha cherehani. Alikuwa amelibeba wiki nzima, likamtoka.

"Na wewe ulicheka, mama. Mwanao alinidharau mbele ya wageni, na wewe ukacheka kuliko wote."

"Nilicheka nini?"

"Aliposema nashona-shona tu."

Mama mkwe akashika sikio lake la kulia, upande aliokuwa amekaa mwanawe siku ile. "Hili limekufa tangu mwaka jana," akasema. "Niliona watu wanacheka, nikacheka. Ningefanyaje, ninune peke yangu? Mimi nilidhani ni habari za mvua."

Wakatazamana. Fundi alihisi kicheko kikimpanda kwa nguvu, na machozi yakigombania njia ile ile. Miaka kumi na mmoja na hakuwahi kujua kwamba mama huyu anacheka kwa kuwafuata watu. Mama mkwe hakucheka. Alikuwa anatingisha kichwa, mdomo umebana.

"Mimi ndiye niliyesema maneno hayo zamani," akasema mwishoni. "Kuoa cherehani, na nini na nini. Nilikuwa mjinga, na ujinga wangu nikautumia mwenyewe, ukaisha. Yeye ameuokota wapi tena?" Akainuka, akaligusa koti kwa mara ya mwisho. "Kikulacho ki nguoni mwako. Usikaze fundo, mwanangu. Liache hivyo hivyo."

Fundi akabaki na koti. Alitegemea ataonywa, asikie aibu, na aibu impe sababu ya kulipitisha cherehanini. Badala yake alipewa baraka, na kisasi kilichobarikiwa ni kizito kukibeba kuliko cha kujificha.

Asubuhi ya Jumapili Mwalimu aliingia ndani ya koti mbele ya kioo. Mkono wa kwanza, mkono wa pili. Akajinyoosha. Kisha akaupenyeza mkono wa kushoto ndani, chini ya kwapa la kulia, kama mtu anayetafuta kalamu mfukoni, akatulia hivyo. Fundi alikuwa nyuma yake akimfunga Kasuku utepe wa nywele. Macho ya mumewe yakamtafuta ndani ya kioo, yakampata, yakakaa. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa macho ya yule kijana wa kwenye kigoda.

"Umelimaliza?" akauliza.

"Nimeshona-shona," akajibu Fundi, akikaza utepe.

"Basi," akasema Mwalimu. "Twende."

Fundi akadhani hajaelewa.

Kanisa lilijaa hadi veranda. Bosi na mkewe walikaa mbele, viatu vyekundu vikameta. Fundi alikaa benchi lake la tatu, mama mkwe upande mmoja na Kasuku upande wa pili, na kifuani alikuwa amechomeka sindano yenye uzi, kama mafundi wote wanavyosahau kuitoa hata wakienda msibani. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taratibu. Mwalimu aliongoza kwa viganja tu. Wa pili ukapanda. Sauti za tatu zikaingia, za nne zikaingia, watu sabini wakamsubiri yeye. Fundi aliomba, na hakujua anaomba nini, alisema tu Bwana, Bwana.

Mwalimu aliinua mikono yote miwili. Akaiinua juu kabisa, kupita wimbo ulivyotaka, juu kama mtu anayejisalimisha.

Mshono wa bandi haupasuki kwa kishindo. Unaachia kimyakimya, punje moja baada ya nyingine, na hilo ni baya zaidi kwa sababu watu wanapata muda wa kutazama. Mkono wa kulia ulishuka kutoka begani polepole, ukateleza mpaka kwenye kiwiko, ukakaa pale kama soksi iliyolegea. Mgongo ukafunguka katikati. Kicheko kilianzia kwa sauti ya tatu, kikapita kwa sauti ya kwanza, kikarukia veranda. Kasuku alimgeukia mama yake, mdomo wazi.

Hiki ndicho alichokitaka. Alikipika siku sita. Akakitazama kimewekwa mezani, na kwa dakika moja, nisikufiche, kilikuwa kitamu.

Lakini Mwalimu hakukimbia. Aliuvua ule mkono wa koti wote, akaugeukia mkusanyiko akiwa ameushika kama samaki. Akangoja vicheko vipungue.

"Jumapili iliyopita," akasema, "nyumbani kwangu, mbele ya wageni hawa walioketi hapa, nilisema mke wangu anashona-shona tu." Akauinua ule mkono wa koti. "Majoho yote ya kwaya yetu mnayoyaona nyuma yangu ameshona. Hili koti peke yake ndilo ameshona-shona. Na mimi ndiye niliyeliagiza."

Hakuna aliyecheka tena. Yule mama wa viatu vyekundu akageuka, akamtazama Fundi, kisha akainamisha macho kwenye mapaja yake. Mchungaji, mtu mwenye busara, akainuka akasema sasa tutasikiliza matangazo, na kila mtu kanisani alijua matangazo ya kanisa lile yalivyo marefu.

"Amesemaje?" mama mkwe akanong'ona, akigeuza sikio zima.

"Amelitaja, bibi," akasema Kasuku.

Fundi alikwishasimama. Alikuwa amejaa hasira mpya. Kumbe alijua. Alijua tangu kwenye kioo, akalivaa, akaenda nalo mwenyewe mpaka mbele. Amemnyang'anya hata kisasi chake. Amekichukua mkononi mwake kama mtu anayekupokea mzigo njiani bila kukuuliza.

Alimkuta kwenye chumba kidogo wanakobadilishia majoho, amekaa juu ya sanduku, mkono wa koti magotini. Fundi alichomoa sindano kifuani. "Simama," akasema. Mwalimu akasimama. Akaanza kuurudisha mkono begani, koti likiwa mwilini, akimvuta huku na huku bila huruma.

"Ulijua."

"Punje za mchele," akasema Mwalimu. "Kidole gumba hakijasahau."

"Na ukalivaa."

"Nilikuvunjia heshima mbele ya watu. Ningekuomba radhi jikoni ningekuwa nimekulipa-lipa tu."

Fundi alishona mishono mitatu. Akamuuliza kwa nini. Hakuuliza kwa nini amelivaa koti, bali kwa nini siku ile alisema vile. Mwalimu akainamisha kichwa. Akasema yule mama alipoingia, aliviona vile viatu, akasikia anavyoongea, akaogopa watamcheka mkewe kwa kuwa aliishia darasa la saba. "Nikakupunguza mwenyewe," akasema, "kabla hawajakupunguza wao."

"Mimi ni fundi," akasema mkewe. Sauti yake sasa ilikuwa ya chini sana. "Nguo ikibana naweza kuiachia. Ikipwaya naweza kuipunguza. Lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kinaungwa tu, na kiungo kitaonekana mpaka nguo iishe. Umenisikia?"

"Nimesikia, Fundi Wangu."

Lile jina lilimpata chini ya mbavu. Aliinamisha uso haraka, asije akaonekana, akausogeza mdomo hadi begani kwa mumewe ili akate uzi kwa meno. Pumzi yake ikagusa shingo ya Mwalimu. Mwalimu hakutikisika. Hakuthubutu hata kumeza mate. Nje, mchungaji alikuwa amefika kwenye tangazo la usafi wa makaburi.

"Umenisamehe?" akauliza Mwalimu, akitazama ukuta.

Fundi alikata uzi. Akarudi nyuma hatua moja, akalikagua bega kwa jicho la kazi, akalipangusa kwa kiganja, na kiganja kikachelewa kuondoka.

"Nimekusamehe-samehe," akasema. "Hiyo ni bandi. Ya cherehani utaingoja."

Mwalimu akamtazama, na tabasamu likaanza pembeni mwa mdomo wake, dogo, la mtu aliyepewa zaidi ya alichostahili na anajua. Akainamisha kichwa kama anavyoinama mbele ya kwaya, akatoka. Baada ya kitambo kidogo sauti zikaanza upya, za kwanza, za pili, za tatu.

Fundi alibaki chumbani peke yake akichomeka sindano kifuani. Alisogea mlangoni, akamwona mumewe kwa nyuma, mgongo wa koti bado umeachama, mikono imeinuliwa juu kabisa. Bega la kulia lilikuwa limeshika. Halikusogea hata uzi mmoja. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba vidole vyake, bila kumwomba ruhusa, vilikuwa vimeshafunga fundo.

Hakumwambia. Acha angoje kidogo.